Kilichobaki Kwenye Chujio

Mwaka 1974 madaktari wa chuo kikuu cha Tromsø, mji wa Norwe ulio kaskazini kabisa kupita mstari wa Aktiki, walianza kuwaita wanaume wa mji ule waje kupimwa damu. Chuo chenyewe kilikuwa kimefunguliwa miaka miwili tu kabla ya hapo. Kilichowasukuma ni vifo: wanaume wa kaskazini walikuwa wakifa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wenzao wa kusini, na wengi wao hata uzee hawajauona. Madaktari wakauliza yale ambayo daktari yeyote angeuliza, sigara, mafuta ya kula, uzito, kazi za mikono. Upimaji ulirudiwa mwaka 1979 na 1980, safari hii wanawake wakiwemo, na katika maswali likawamo la kahawa: unakunywa vikombe vingapi kwa siku?

Majibu yalichapishwa mwaka 1983 katika New England Journal of Medicine, na jina la kwanza chini ya makala lilikuwa la Dag Thelle. Waliopimwa walikuwa zaidi ya 14,000, wenye miaka 20 hadi 54. Mwanamume asiyefikisha kikombe kimoja kwa siku alikuwa na wastani wa lehemu wa milimoli 5.56 kwa lita ya damu. Aliyezidisha vikombe tisa alikuwa na 6.23. Kwa wanawake mwendo ulikuwa huo huo. Hata walipoondoa hesabu ya sigara, unene na mafuta ya chakula, uhusiano haukuvunjika.

Matokeo hayo yaliwatatiza wengi, kwa kuwa nchi nyingine zilikuwa zimeshafanya hesabu kama hizo na hazikukubaliana. Utafiti mmoja unaona uhusiano, wa pili hauoni kitu, wa tatu unaona kidogo kisha unasita. Buni ni zile zile, zinatoka Brazili, Kolombia na Afrika Mashariki, zinapakiwa meli zile zile. Watu wa Tromsø walikuwa na nini?

Walikuwa na birika. Kule kaskazini, unga wa kahawa uliosagwa kwa ukubwa hutiwa ndani ya maji ya moto, ukachemka, ukaachwa utulie chini, kisha kinachoelea juu kikamiminwa kikombeni. Birika hukaa jikoni siku nzima. Zamani akina mama walitupia ndani kipande cha ngozi kavu ya samaki ili mashapo yashuke upesi. Hakuna kitambaa wala karatasi katika mpango huo. Oslo na miji ya kusini ilikuwa imeanza kuhamia kwenye kahawa ya kuchujwa, na Wamarekani nao walikuwa na desturi zao.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito, itabidi turudi nyuma miaka mia nne na zaidi, kwa sababu hukumu ya kwanza maarufu juu ya kahawa na afya ilitolewa Makka mwaka 1511. Kha'ir Beg, muhtasibu wa mji, yaani mkaguzi wa masoko na maadili, chini ya Mamluki wa Misri, aliwakuta watu wamekusanyika usiku wakinywa kahawa. Hakupendezwa. Akaitisha baraza la wanazuoni, akaleta na matabibu, nao wakatoa ushahidi kwamba kinywaji kile kina tabia ya baridi na ukavu, hivyo kinaudhuru mwili. Kahawa ikapigwa marufuku na buni zikachomwa. Habari ilipofika Cairo, Sultani hakukubaliana na marufuku yote. Alichokataza ni mikusanyiko, na baada ya muda watu wakarudia vikombe vyao.

Mimi huwa nawafikiria matabibu wale. Walikuwa na elimu ya zama zao, hatuna haki ya kuwacheka. Lakini hata wakati ule kulikuwa na kahawa mbili: Yemen, ambako Masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri, ilipikwa ya maganda ya tunda na ikapikwa ya buni yenyewe. Kilichofikishwa mbele ya baraza ni kahawa, basi, kama kitu kimoja. Kosa hilo la kuihukumu kahawa bila kutazama chungu liliendelea hadi karne ya 20, na waliolirudia walikuwa na maabara.

Kutoka Yemen na Hijazi kahawa ilisafiri ikiwa ya kuchemshwa. Istanbul ilipata mikahawa yake miaka ya 1550, na huko buni zilisagwa laini kama poda, zikapikwa taratibu mpaka povu lipande, kisha zikamiminwa pamoja na mashapo yake. Mnywaji ndiye anayesubiri yatue. Kwetu mwambao, uliounganishwa na Yemen na Oman kwa majahazi ya msimu, kahawa ikawa ya mdeli: birika la shaba lenye mdomo mrefu, mkaa chini yake, tangawizi ndani, wakati mwingine iliki, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Muuzaji huvigonganisha mkononi ili mtaa ujue amefika. Hainywewi na sukari; utamu ni wa kashata iliyo pembeni. Yeyote aliyepata kukaa barazani Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe anaujua uzito wa kahawa ile ulimini, namna inavyokaa baada ya kumezwa. Uzito huo una maelezo yake, nayo tutayafikia.

Ndani ya bara, magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya hawakuhitaji birika hata kidogo. Walichuma matunda ya robusta yakiwa bado mabichi, wakayachemsha na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na udugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa buni mbili za tunda moja. Ni moja ya njia kongwe za kutumia mmea huu, na vitabu vya Ulaya kuhusu historia ya kahawa mara nyingi huipita haraka.

Ulaya iliipokea kahawa ya kuchemshwa katika karne ya 17 na ikateseka nayo. Naomba nieleze kinachotokea ndani ya chungu. Maji ya moto hayatoi ladha zote za unga kwa mara moja. Kwanza hutoka uchachu na harufu za matunda, kisha utamu, na mwisho kabisa yale machungu yanayokausha kinywa. Ukiacha unga uendelee kuchemka, unapitiliza mpaka hatua ya mwisho, na wakati huo huo harufu nzuri inapaa na mvuke. Nyumba nzima inanukia kahawa, na kikombe kinabaki na uchungu. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyejulikana Ulaya kama Count Rumford, mtu wa sayansi ya joto, aliliandika hilo wazi mwaka 1812 katika insha nzima juu ya ubora wa kahawa na namna ya kuitengeneza: kuichemsha ni kuipoteza harufu yake. Kabla yake, mnamo 1800, Paris ilikuwa tayari na birika la ghorofa mbili linalohusishwa na jina la de Belloy, askofu mkuu wa mji ule. Unga unakaa juu, maji yanamiminwa, yanadondoka chini kupitia vitundu. Moto hauugusi unga tena.

Vitundu vya bati, hata hivyo, hupitisha vumbi. Kitambaa huchuja vizuri zaidi, lakini kitambaa hushika mafuta ya kahawa, na mafuta hayo yakikaa huchacha. Cha wiki mbili kinanuka hata ukikifua. Mwanamke mmoja wa Dresden, Ujerumani, aliyeitwa Melitta Bentz, alichoshwa na yote hayo. Alichukua chombo cha shaba, akakitoboa kitako kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la shule la mwanawe, akaitandika ndani, akatia kahawa, akamimina maji ya moto. Kilichotoka chini kilikuwa safi: hakina chembe, hakina tope, uchungu umepungua. Mwaka 1908 ofisi ya hataza ya Berlin ikamsajilia uvumbuzi wake, na Desemba ya mwaka huo akaandikisha kampuni kwa mtaji usiofika hata mark moja. Mumewe Hugo na wanawe walisaidia kupeleka maboksi. Mwaka uliofuata, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, waliuza vichujio zaidi ya elfu moja.

Neno afya halikuwa kiini cha kazi yake. Alitaka kikombe kisicho na mashapo na kitambaa kisichohitaji kufuliwa. Nasisitiza hili kwa kuwa leo wapo wanaomsimulia kama mtu aliyeokoa mioyo ya watu. Kama aliiokoa, hakujua, wala dunia haikujua kwa miaka themanini.

Waitalia walikwenda njia yao. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya mvuke mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milan akaja na yake mwaka 1901, na Desiderio Pavoni akaifanya biashara. Lengo lao lilikuwa kasi: mteja amesimama, treni inaondoka, mpe kikombe chake. Kahawa ya mashine hizo za awali ilikuwa na ladha ya kuungua, maana mvuke ulikuwa moto kupita kiasi na nguvu yake ndogo. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti akaleta kijibirika cha alumini cha kutumia nyumbani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia akaachana na mvuke, akatumia mkono wa chuma wenye springi unaosukuma maji kwa shinikizo la karibu mara tisa ya lile la hewa ya kawaida. Hapo ndipo lilipozaliwa lile povu la rangi ya hudhurungi juu ya espresso. Povu hilo ni mafuta ya kahawa na gesi vilivyopigwa pamoja kwa nguvu, na ndiyo sababu kikombe cha vidole viwili kinaweza kujaza kinywa. Milan hiyo hiyo, mwaka 1929, ilikuwa imetoa pia hataza ya chombo chenye pistoni na wavu wa kushindilia mashapo chini, ambacho sasa kiko katika nyumba nyingi za watu wapendao kahawa nzito.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 20 dunia ilikuwa imegawanyika, bila kukusudia, katika makundi mawili: wanaoyanywa mafuta ya kahawa na wanaoyaacha kwenye karatasi. Hakuna daktari aliyeugundua mpaka huo. Wakaendelea kuuliza kama kahawa ni nzuri au mbaya. Mwaka 1981 kundi la Harvard liliihusisha na saratani ya kongosho, magazeti yakatisha watu, na miaka mitano baadaye watafiti wale wale wakarudi na takwimu mpya ambazo hazikuthibitisha hofu hiyo. Mwaka 1991 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likaiweka kahawa katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu, kisha mwaka 2016 likaiondoa humo.

Tromsø ndiko swali lilikobadilika. Mwaka 1985 watafiti wa huko waliwachukua wanaume 33 wenye lehemu nyingi, wakawaachisha kahawa, na lehemu ikashuka. Kisha baadhi wakarudishiwa ya kuchemshwa, wengine ya kuchujwa. Waliorudi birikani walipanda tena. Waliopewa ya karatasi hawakupanda. Mwaka 1989 Waholanzi wakapata jambo hilo hilo kwa vijana wenye afya njema. Hapo ikawa dhahiri kuwa kitu kinapita kwenye birika na kinazuiwa na karatasi, na maana yake si kafeini, kwa kuwa kafeini huyeyuka majini na karatasi haiizuii.

Kazi ya kukisaka kitu hicho ilifanyika Wageningen, Uholanzi, katika kundi la Martijn Katan. Walichemsha kahawa, wakatenga mafuta yake, wakawapa watu kumi wa kujitolea wayatumie kwa wiki sita. Lehemu ikapanda. Mwaka 1991 wakafanya lililo rahisi kuliko yote: wakapika kahawa ya kuchemshwa, nusu wakaipitisha kwenye karatasi. Birika moja, buni moja, moto mmoja. Ile iliyopita kwenye karatasi haikuwa na athari. Mwaka 1994 wakamtaja mhusika: kafestoli, na mwenzake kahweoli, molekuli mbili zinazoishi katika mafuta ya buni.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Ini hutumia lehemu kutengeneza chumvi za nyongo. Kafestoli huliambia ini kwamba nyongo inatosha, ini likapunguza kazi, na lehemu ambayo ingetumika ikabaki katika damu. Rob Urgert wa Wageningen alipima vikombe vya kila aina: kahawa ya kuchemshwa ya Skandinavia, ya Kituruki na ya pistoni zilikuwa na takriban miligramu tatu hadi nne za kafestoli kwa kikombe, espresso ilikuwa katikati, kwa kuwa kikombe chake ni kidogo, ya karatasi ilikuwa karibu na sifuri, na ya unga wa kuyeyuka vilevile. Mwaka 1996 kundi hilo likaonyesha kwamba watu wanaokunywa vikombe vitano au sita vya kahawa ya pistoni kila siku kwa karibu nusu mwaka hupandisha lehemu mbaya pamoja na vimeng'enya vya ini, na kwamba wakiacha mambo hurudi yalivyokuwa.

Msomaji anayependa espresso asitupe mashine yake. Vikombe viwili vya vidole viwili havifanani na birika zima la mvuvi wa Tromsø. Ila afahamu kwamba kile anachokisifu, ule ulaini unaopaka ulimi, na kile ambacho ini lake linakipokea vinasafiri ndani ya mafuta yale yale. Karatasi ya Melitta haichagui. Inazuia tope, inazuia kafestoli, inazuia na sehemu ya utamu wa kinywa. Inachobakisha ni uchachu na harufu zikiwa wazi, ndiyo maana arabika ya milimani, yenye ladha za matunda, huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi.

Mwaka 2020 Wanorwe walirudi na hesabu kubwa sana: watu 508,747, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 20. Miongoni mwa waandishi alikuwemo Dag Thelle yule yule wa 1983. Wanywaji wa kahawa ya kuchujwa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 wakilinganishwa na wasiokunywa kahawa kabisa, na waliokaa vizuri zaidi ni wa kikombe kimoja hadi vinne kwa siku. Kwa kahawa isiyochujwa hali ilikuwa nyingine, hasa kwa wanaume wa miaka 60 na kuendelea, ambao vifo vyao vya moyo viliongezeka. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba kikombe ndicho kilichowaongezea maisha. Wanywaji wa karatasi huenda walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine pia. Hata hivyo, kwa jambo ambalo damu imelionyesha, maabara ikalionyesha, na makaburi yakaelekea upande huo huo, sioni sababu ya kubishana sana.

Sasa mdeli. Unga, maji, moto, mashapo chini, hakuna karatasi: kwa kanuni za Wageningen kahawa chungu ya mwambao ni ndugu ya ile ya Tromsø. Kuna mambo mawili ya kuipunguzia mashtaka. Kikombe chetu ni kidogo, na anayekunywa vitatu barazani hajafikia kimoja cha mvuvi wa kaskazini. La pili ni mmea: robusta ina kafestoli pungufu kuliko arabika, na kahweoli yake ni kidogo sana, kwa hiyo buni ya Bukoba na buni ya Kilimanjaro hazimfanyii mnywaji jambo moja hata zikipikwa katika birika moja.

Na kama mtu ameambiwa na daktari kwamba lehemu yake imepanda, hana haja ya kuagiza vifaa kutoka Ujerumani. Mwaka 2025 watafiti wa Uppsala, Sweden, walipokuwa wakipima mashine za kahawa za maofisini, walipima pia kahawa ya kuchemshwa kabla na baada ya kuimimina kwenye kitambaa. Kafestoli ilishuka kutoka zaidi ya miligramu 900 kwa lita hadi 28. Kitambaa, kile kile alichokitupa Melitta Bentz kwa sababu ya harufu. Kipande cha pamba kilicho safi, kinachochemshwa na kuanikwa juani kila siku, kinatosha. Tangawizi inapita, kafeini inapita, uchungu mwingi unapita. Uzito ule wa ulimini utapungua, na wazee watalitambua hilo kwa funda la kwanza.

Liko jambo moja zaidi ambalo kitambaa hakilitibu. Siku ile ya 2016 kahawa ilipoondolewa kwenye orodha ya saratani, wataalamu wale wale waliandika humo kitu kingine: vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65, viwe kahawa, chai au maji matupu, kwa kuwa huenda vinachangia saratani ya umio. Mdeli hukaa juu ya mkaa mpaka tone la mwisho. Kikombe kidogo kisicho na mkono hupoa upesi, dakika chache tu, lakini barazani mwenye kungoja kahawa ipoe huulizwa kama anaumwa.